Kamera ya Bi Moza na Ripoti Niliyoiandika Haraka

Siku tatu swali moja lilininyima usingizi: mnara wa simu wa Samad ndio mbovu, au mbovu ni mimi?

Naanza na swali hilo, wadogo zangu, kwa sababu nyinyi wawili mliopokea funguo za chumba cha mitambo mtalala nalo pia, ingawa mnara utakuwa mwingine. Mwezi uliopita niliiacha kazi hii niliyoifanya miaka mitano. Najua miaka mitano si kitu. Sina mvi, na wastaafu wa kweli watanicheka wakinisoma nikijitia utu uzima. Lakini katika kazi ya kuunganisha kompyuta za watu na ofisi zao, miaka mitano inatosha mtu kuona kila alichosoma chuoni kikibadilishwa jina mara mbili.

Na lipo jambo mtakaloliona siku ya kwanza. Mtajiuliza kwa nini namba za mtandao wa ofisi yetu ya Nizwa ni za ajabu, hazifanani na za ofisi nyingine wala za majumbani kwenu. Jibu lake liko Samad Ash Shan, nyumbani kwa mama mmoja aliyevunjika nyonga, na jibu hilo karibu linitoe kazini kabla sijamaliza hata miezi ya majaribio.

Kwanza mnifahamu. Mimi ni mtu wa kufikiri mno. Nikifunga gari narudi kuvuta mlango nihakikishe. Nikiandika barua ya kazi naisoma mara nne, na salamu naisoma mara tano. Nilipoajiriwa nilikuja na daftari nene, kila ukurasa jambo moja linaloweza kuharibika. Aliyenifundisha kazi, Ami Nassor, alilichukua daftari lile siku ya pili, akalipima mkononi kama anayenunua samaki.

"Hili ukimpiga nalo mtu utamuua," akasema. "Lakini mashine halitaitengeneza."

Ami Nassor si ami yangu wa damu. Sisi tuliozaliwa huku na wazee waliorudi kutoka Unguja, kila mwanamme wa umri wa baba ni ami. Yeye alianza kazi kwa kupanda nguzo za simu, akaishia kwenye seva, na mpaka anastaafu alikuwa akiita kila kitu "waya", hata kile kisichokuwa na waya. Mimi alikuwa akiniita mhandisi, na alilitamka neno hilo kama mtu anayetema kokwa ya tende.

Nawapa kitu kimoja chake sasa hivi, maana kitawaokoa. Mwezi wangu wa pili nilitakiwa kubadilisha kinga ya mashine yetu iliyo Sur, nikiwa nimekaa Nizwa. Nilifanya kila kitu sawasawa, nikaziba kila mlango usiotakiwa, na mlango mmojawapo ulikuwa ule niliosimama mimi mwenyewe. Mashine ikaninyamazia. Ilibidi tuendeshe gari mpaka Sur, safari ya nusu siku, kwenda kuandika amri moja. Ami Nassor hakunigombeza njia nzima. Tulipomaliza alinipitisha sokoni akanunua jodari mkubwa, akaniambia, "Sasa ukiulizwa tulikwenda Sur kufanya nini, tulikwenda kununua samaki."

Tulipokuwa tukirudi ndipo akanifundisha. Kabla hujaigusa mashine iliyo mbali, iachie agizo kwanza: baada ya dakika kumi, rudisha kila kitu kama kilivyokuwa, ila nikikwambia usirudishe. Kisha ndiyo ubadilishe. Ukijifungia nje, unakaa tu unangoja dakika kumi, mlango unafunguka wenyewe. Na usilifunge dirisha la amri ulilonalo mpaka umefungua la pili na limekubali. Mambo mawili haya sikuyakuta kwenye kitabu chochote nilichosoma. Nimeyapata kwa bei ya petroli ya Sur, na mpaka leo namshukuru.

Jambo la tatu alilonifundisha nililiona la kizee, na nililidharau. Alikuwa haigusi kompyuta ya mtu kabla hajanywa kahawa ya mtu huyo. Ukienda naye kwenye nyumba au kijiofisi cha bilad, huko vijijini, atakaa, ataulizana khabari, ataulizwa mvua, ataulizwa wajukuu, atakula tende tatu, na mimi hapo nguo zinanibana kwa haraka. Nilimuuliza siku moja kwa nini tunapoteza muda. Akasema, "Napoteza nini? Mimi nimeshaanza kazi." Sikumwelewa.

Sasa nije kwa Da Zuwena.

Da Zuwena alikuwa mchoraji wetu wa ramani za mabomba ya maji, na hakuna aliyemfikia. Alikuwa akiishi Nizwa siku za kazi, na kila Alhamisi jioni anarudi kwao Samad, kama tufanyavyo wengi. Mwaka ule mama yake, Bi Moza, alianguka uani akavunjika nyonga. Akafanyiwa operesheni, akarudi nyumbani, lakini hawezi kunyanyuka bila kushikwa. Kaka zake Zuwena wako Maskati na kazi zao. Aliyebaki ni yeye. Akaenda kwa Mudiri, mkuu wa ofisi yetu, kuomba afanyie kazi nyumbani.

Mudiri si mtu mbaya, ila hapendi kitu asichokiona kwa macho. Akakubali kwa sharti: wiki moja ya kujaribu, Jumapili mpaka Alhamisi. Mtandao ukimkubali, abaki Samad. Usipomkubali, arudi Nizwa au aache kazi.

Kuutengeneza mtandao huo kukawa kazi yangu. Ami Nassor alikuwa ameshastaafu miezi miwili nyuma, yuko Mudhaibi na mitende yake. Nilikuwa peke yangu.

Kompyuta ya Da Zuwena inatumia Linux, kama zote za wachoraji wetu. Nilitakiwa kuitengenezea ile njia ya siri ya kuingilia ofisini ukiwa mbali. Mkiulizwa na mtu asiyejua ni kitu gani, mwambieni ni kama falaj, ule mfereji wa maji wa chini ya ardhi: inapita kwenye mashamba ya watu, lakini hakuna anayechota njiani, mpaka itokee kwako. Intaneti ni ya watu wote, ila maji yale ni yako.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, na sioni haya kusema. Ufunguo wake wa siri niliuzalisha ndani ya kompyuta yake mwenyewe, haukutoka humo, wala haukupita kwenye simu ya mtu. Nilihakikisha saa ya kompyuta iko sawa, kwa sababu saa ikikosea mlango unaweza kukukataa bila kukwambia sababu. Niliandika ofisi iko wapi, na nini kipite kwenye njia ile.

Kisha nikaanza kufikiri.

Je, njia ya ofisi ikimeza mtandao wote wa nyumba yao? Je, Kurani anayoisikiliza mama yake ikaanza kupita kwenye seva yetu Nizwa? Je, Mudiri akaona? Nikaongeza mstari mmoja ambao hakuna aliyeniomba. Nikaiambia kompyuta: ukiwa na njia mbili za kufikia namba moja, tangulia ya nyumbani, ya ofisini iwe nyuma. Nikaona nimekuwa na hadhari. Nikatoka nayo mpaka maegesho, nikaiunganisha na simu yangu, maana Ami alinionya nisijaribu mtandao wa nje nikiwa ndani. Ikafunguka mara moja. Ramani zote zikaja. Nilimkabidhi Da Zuwena kompyuta yake Alhamisi mchana, nikalala usingizi mzuri. Ulikuwa wa mwisho kwa muda.

Jumapili saa mbili asubuhi simu ikalia.

"Thuraya, taa ya kijani imewaka," Da Zuwena akasema. "Nimeingia. Lakini nikifungua ukurasa wa ramani unaniuliza neno la siri, nikiliandika unalikataa."

"Andika polepole, dada. Pengine herufi kubwa."

"Nimeandika polepole. Huu ukurasa wa buluu hautaki."

Wadogo zangu, hapo alinipa jibu lote, bure, dakika ya kwanza. Mimi sikulisikia. Nilikuwa naandika kwenye daftari langu jipya sababu ya kwanza mpaka ya tisa.

Nikambadilishia neno la siri kwenye seva. Likakataliwa. Nikambadilishia tena. Asubuhi ile ile ukurasa ukamwambia amekosea mara nyingi, angoje. Nikaangalia kumbukumbu za mitambo. Ile ya mlangoni ilionyesha Zuwena ameingia, yuko ndani ya njia, hakuna shaka. Lakini kumbukumbu ya seva ya ramani haikuwa na alama yoyote kwamba mtu kabisha hodi. Ameingia uani lakini hakugusa mlango. Amekwenda wapi?

Jumatatu saa nane mchana Mudiri akapita mezani kwangu. Yeye hajui Kiswahili, tulisema Kiarabu.

"Vipi Samad?"

"Bado naangalia, Mudiri."

"Kule ni mabonde na milima," akasema. "Mtandao dhaifu, au siyo?"

Alinipa jibu, na mimi nilikuwa na kiu ya jibu. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema nimwandikie ripoti. Nikaandika mistari miwili: mawasiliano ya eneo lile ni dhaifu, hayafai kwa kazi ya kila siku. Ile barua ndiyo pekee maishani mwangu ambayo sikuisoma mara ya pili.

Jumanne Da Zuwena akanipigia. Mudiri kamwambia kwamba kwa ripoti aliyoipata, aanze kujitayarisha kurudi, na Alhamisi atatoa uamuzi. Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza, na ingekuwa bora angenigombeza.

"Mama hawezi kwenda msalani peke yake," akasema. "Nikirudi Nizwa atabaki na nani? Nikiacha kazi tutakula nini? Mimi sijui mambo ya mitandao, Thuraya. Wewe ukisema ni mnara, basi ni mnara. Ni mnara?"

Nikasema, "Naangalia, dada."

Ndivyo usingizi ulivyoondoka. Kama ni mnara, mimi sina kosa na Zuwena hana bahati. Kama si mnara, nimemfukuzisha mtu kazi kwa mistari miwili. Na mnara mbovu hauwashi taa ya kijani. Hilo nililijua. Nililijua toka Jumatatu, nikawa nalizunguka kama mtu anayezunguka shimo.

Nilimpigia Ami Nassor mara nne siku ile. Mara ya nne nyuma yake palikuwa na pampu ya maji inanguruma, naye anapiga kelele ili anisikie.

"Umekwenda?"

"Bado, Ami. Nataka kwanza nielewe."

"Ah, mhandisi! Utaelewaje nyumba ya mtu na wewe uko Nizwa? Simu nne hizi, ungeshafika!"

"Nikifika nisijue la kufanya?"

"Utakunywa kahawa. Kahawa unajua kunywa?"

Jumatano nilichukua ruhusa, nikapita Izki, nikafika Samad baada ya saa moja na ushei. Bi Moza alikuwa amelazwa sebuleni, mto mgongoni, tableti pajani. Mwanamke mwembamba, macho makali, na Kiswahili chake ni kile cha Unguja mjini ambacho mimi na nyinyi tunakivunja vunja.

"Shikamoo, Bi Moza."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Thuraya wa mitambo? Mbona mwembamba hivyo, mitambo haikulishi? Kaa."

"Naomba kwanza niitazame kompyuta, kisha..."

"Kompyuta haina miguu, haiendi. Kaa. Zuwena, lete kahawa."

Nikakaa. Nilimkumbuka Ami Nassor, nikajilazimisha. Zuwena akaleta dalla ya kahawa, vikombe, tende na halua. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hakulala. Bi Moza akaniuliza wazazi wangu wa wapi, nikasema Ibra. Akauliza babu yangu nani, nikamtajia, akasema alimjua shangazi wa huyo babu. Akauliza kama nimeolewa. Nikasema bado. Akasema, "Hapana haraka, ila usichelewe." Kikombe cha pili. Naona saa inakwenda.

"Na wewe, Bi Moza, khabari za maradhi?"

"Maradhi mazuri, alhamdulillahi. Kinachonitesa si nyonga. Ni hiki." Akaipiga tableti kofi. "Kijana wangu wa Maskati kanifungia kamera langoni, niwaone wanaoingia na niwaone mbuzi wangu, maana kutoka sitoki. Hiyo ndiyo televisheni yangu. Sasa siku nne hainionyeshi kitu."

"Mama, kamera imezeeka," Zuwena akasema kwa uchovu.

"Haikuzeeka. Nimezeeka mimi, na bado napokea wageni. Kamera ina miezi mitatu." Akanigeukia mimi. "Inaniambia mtu kajaribu neno la siri mara nyingi kakosea, basi imejifunga. Nani huyo anayetaka kuniingilia? Nina mbuzi wawili na mmoja kiwete."

"Tangu lini, Bi Moza?"

"Tangu Jumapili asubuhi. Saa ile ile Zuwena anapokaa kwenye kazi yake."

Nikakiweka kikombe chini. Nikamwomba anionyeshe. Tableti ikafungua ukurasa wa kuingilia kwenye kamera, wenye kisanduku cha neno la siri katikati. Ukurasa wa buluu.

Wa kwetu ofisini ni mweupe.

Zuwena alikuwa amesimama nyuma yangu na dalla mkononi. "Mbona huo ndio ukurasa wa kazini? Nilidhani ukiwa nyumbani ndivyo unavyokuja, wa buluu," akasema.

Bi Moza akamtazama binti yake, akaitazama tableti. Kisha Bi Moza akaanza kucheka, kicheko cha mtu anayeogopa kucheka kwa sababu ya nyonga, kinatoka kidogo kidogo.

"Yaani mwanangu siku nne unabisha hodi kwenye banda la mbuzi, unataka wakupe ramani za maji?"

"Mama!"

"Na mimi namwombea dua mbaya huyo mwizi! Astaghfirullah. Nimemwapiza binti yangu mwenyewe!"

Zuwena alicheka mpaka akakaa chini, na alipokuwa akicheka machozi yalikuwa yakimtoka, na sidhani kwamba yote yalikuwa ya kicheko.

Nawaeleza sasa kilichotokea, nanyi msije mkakisahau. Ruta, vile visanduku vya intaneti vinavyofungwa majumbani, huwa zinakuja na namba za aina moja, na watu wengi hawazibadilishi. Ofisi yetu nayo, tangu siku za mwanzo, ilikuwa na namba hizo hizo. Seva ya ramani ilikuwa 192.168.1.20. Na kijana wa Maskati alipofunga kamera ya mama yake, kamera ikapewa 192.168.1.20. Nyumba mbili, namba moja. Kompyuta ya Zuwena ilipoambiwa iende kwenye namba ile, ilikuwa na njia mbili mbele yake, na ikaifuata ile iliyoambiwa itangulie. Nani aliyeiambia? Mimi. Kwa mstari wangu wa hadhari. Maegesho ya Nizwa yalinidanganya kwa sababu simu yangu ina namba nyingine, hapakuwa na mgongano.

Dawa ya siku ile ilikuwa fupi kuliko maelezo yake. Niliufuta mstari wangu, nikaandika mwingine: namba hii moja, ya seva ya ramani, ipitie njia ya ofisini tu. Kompyuta hufuata agizo lililotaja namba moja kabla ya lile lililotaja kundi zima. Zuwena akafungua. Ukurasa mweupe. Akaandika neno la siri akiwa ameuma mdomo, na mabomba ya bonde zima yakajichora mbele yake. Nikaenda langoni nikaichomoa kamera umeme, nikaichomeka tena. Bi Moza akapiga kelele kutoka ndani, "Namwona! Kiwete yule pale!"

Nilipokuwa napakia vitu vyangu Zuwena akanitoa mpaka kwenye gari.

"Mwambie Mudiri neti imetengemaa," akasema taratibu. "Usijitie matatani. Karatasi yako ya majaribio bado iko mezani kwake. Nani atajua?"

Nilimshukuru kwa hilo, na namshukuru mpaka leo. Mtu niliyekaribia kumtoa kazini alikuwa akinitafutia mimi njia ya kutokea.

Njia nzima ya kurudi nilifikiri. Nikisema neti imetengemaa, si uongo mkubwa. Ila Mudiri namjua. Atasema: leo imetengemaa, kesho itaharibika, mtandao wa milimani hauna dhamana, arudi Nizwa. Atakuwa anafuata ripoti yangu, na ripoti inasema mnara. Kitakachombakisha Zuwena kwao ni kitu kimoja tu: Mudiri ajue kwamba mnara haukuwa na kosa hata siku moja. Na akilijua hilo, atauliza kosa lilikuwa la nani. Nikafikiri maneno ishirini ya kulisema bila kulisema. Nikafika nyumbani Nizwa nikayaandika. Nikayasoma. Nikayachana.

Nikampigia Ami Nassor kumshukuru kwa kahawa. Sikumwomba ushauri, naye hakunipa. Aliuliza tu halua ilipikwa na nani.

Alhamisi nilikuwa mlangoni kwa Mudiri kabla hajavua hata miwani ya jua. Nilisimama, sikukaa, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza na salamu ndefu.

"Ile ripoti ya Jumatatu nimekuja kuifuta," nikasema. "Mtandao wa Samad ni mzima. Niliandika bila kuhakikisha. Kosa liko kwenye mstari niliouandika mimi, na nyumba yoyote itakayounganishwa na ofisi hii inaweza kupata shida kama hiyo, mpaka tubadilishe namba zetu."

Nikamweleza na kamera. Kwenye mbuzi mdomo wake ulicheza kidogo, akaurudisha mahali pake.

"Niandikie," akasema, akanisogezea karatasi na kalamu yake.

Nikaandika pale pale, nimeinama juu ya meza yake. Nilichokiona, nilichokiandika vibaya, nilichokirekebisha. Nikamrudishia. Akasoma polepole, akaigeuza nyuma, akaona patupu.

"Hujasaini."

Kweli sikuwa nimesaini. Mkono ulisahau, au ulijifanya umesahau.

"Ukisaini," Mudiri akasema, "ya Zuwena imekwisha, abaki na mama yake. Na Ijumaa, ofisi ikiwa tupu, utazibadilisha hizo namba. Ya kwako wewe nitaisoma pamoja na karatasi hii, sikuahidi kitu."

Daftari langu lilikuwa chini ya kwapa, na ndani yake kila kinachoweza kuharibika. Sikulifungua. Nikaivuta karatasi, nikaandika jina langu lote, langu na la baba na la babu, chini ya neno kosa, nikamrudishia kalamu yake.